Kitanda cha Pili cha Mama Esperance

Nimestaafu. Jumamosi iliyopita, wakati wa kufunga duka, nilivua kitambulisho changu cha plastiki, nikamkabidhi bosi funguo za kabati la brosha, tukapeana mikono kama mabalozi. Nina umri wa miaka kumi na saba. Walimu wangu wanasema huko si kustaafu, ni kuacha kazi ya Jumamosi ili nisomee mitihani. Walimu wangu hawajawahi kuuza safari ya meli hata moja, kwa hiyo tuwasamehe.

Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wachanga katika fani, yaani Kiran, mjukuu wa bosi, mwenye miaka kumi na minne, atakayekikalia kiti changu kuanzia Jumamosi ijayo. Kiran, najua Kiswahili unakielewa ila unajibu kwa Kiingereza. Bibi yako atakusomea. Akifika mahali pa kuchekesha atasimama acheke kwanza peke yake, kwa hiyo jipe moyo. Mshahara wangu sitautaja, maana hautajiki. Vyeo nilipanda kimoja tu: niliajiriwa nipange brosha, nikapandishwa nikawa mpanga brosha anayepokea simu.

Duka letu liko Wembley, kati ya duka la sari na duka la kuku wa kukaanga, na mteja akiingia hajui harufu ya safari ni ipi kati ya hizo mbili. Nilipoanza, uwanja wa mpira wa zamani ulikuwa umeshabomolewa na mpya haujasimama, kwa hiyo watu waliotoka mbali kuja kuupiga picha waliishia kwetu kuuliza umekwenda wapi. Niliwaambia umekwenda likizo, na kama wanataka kuufuata tuna nafasi. Bosi alinikataza. Kisha mmoja akanunua tiketi ya Tenerife, bosi akanyamaza.

Bosi ni Mama Hansa, Mhindi wa Mwanza. Mama yangu, ambaye ni mtu wa Tanga na anasafisha ofisi alfajiri, alimgundua Ealing Road akigombana na muuza bamia. Ugomvi ulikuwa wa Kigujarati, lakini ilipofika kuhesabu chenji akahesabu kwa Kiswahili. Mtu anayehesabu kwa Kiswahili hafichiki. Mama akamsalimia, wakaongea barabarani mpaka bamia zikanyauka, na mwisho wa mazungumzo mimi nilikuwa nimeshapata kazi bila kuulizwa.

Siku ya kwanza Mama Hansa alinipa brosha ya meli za starehe, nene kuliko kitabu changu cha kemia na yenye picha nzuri zaidi.

"Tafuta safari ya wiki moja," akasema. "Nipe bei."

Nikatafuta, nikampa.

"Sasa mimi nasafiri peke yangu. Bei?"

Nikampa ileile.

"Soma chini."

Chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ambazo hata mdudu chungu angeazima miwani kuzisoma, paliandikwa kwamba bei hiyo ni ya kila mtu wakiwa wawili chumbani.

"Kwa hiyo akienda mmoja analipa nusu ya chumba?"

"Analipa chumba."

"Na yule wa pili?"

"Hayupo."

"Anamlipia mtu ambaye hayupo?"

"Karibu kazini," akasema Mama Hansa, akaenda kuweka birika jikoni.

Jambo lenyewe, Kiran, ni rahisi ukiliangalia kwa macho ya mwenye meli. Yeye anauza vitanda, na anataka kila kitanda kiwe na mtu anayekula, anayekunywa soda za bei mbaya na anayenunua kofia asiyoihitaji. Kitanda kitupu hakinunui kofia. Basi anayekuja peke yake anaongezewa bei, wakati mwingine mpaka inakaribia ya watu wawili. Kwenye brosha inaitwa nyongeza ya mtu mmoja. Mimi niliibatiza faini ya upweke, nikaisema mbele ya wateja kwa majigambo, mpaka Mama Hansa aliponivuta nyuma ya pazia.

"Usiiite hivyo. Wengine si wapweke."

"Sasa wanaenda peke yao kwa nini?"

"Wamechoka."

Sikumwelewa. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na kuchoka kwangu kulikuwa kwa hesabu tu.

Vyombo vya kazi ni vichache na vyote vina tabia. Kompyuta ina skrini nyeusi na maandishi ya rangi, na ukibonyeza haraka inanuna. Stepla inauma kuanzia ukurasa wa tano, chini ya hapo inacheza tu. Simu ina waya mrefu unaofika mpaka jikoni, na umeshamwangusha mtu wa posta. Lakini chombo kikuu ni birika, na sheria ya birika ndiyo sheria pekee ya Mama Hansa niliyoiona ikitekelezwa bila huruma: mteja wa peke yake anaambiwa nyongeza kabla ya chai. Ukimpa chai kwanza, akanywa, akatabasamu, akakuonyesha picha za wajukuu, halafu ndipo umtajie bei, ataona chai ilikuwa mtego. Ukimwambia kwanza, chai inakuwa pole. Chai ni ileile, majani yaleyale. Mimi nilidhani ni ushirikina. Sasa naamini kuliko yeye.

Wateja wa peke yao walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Palikuwa na Bwana Gurdev, Singasinga wa Nakuru, dereva wa basi mstaafu, ambaye aliposikia nyongeza alisimama katikati ya duka akauliza kama kuna mama yeyote hapo anayekwenda upande wa Madeira. Mama mmoja aliyekuja kununua tiketi ya Nairobi akamwambia, "Mimi nina mume, lakini nikikupa wewe mume wangu mwende naye, nitakushukuru." Kampuni ya meli ikampangia Bwana Gurdev kukaa chumba kimoja na mwanamume mwingine asiyemjua, mstaafu wa posta kutoka Leeds. Alirudi na malalamiko ya kurasa: jamaa anafungua dirisha, anaimba bafuni, anakula biskuti kitandani. Mwaka uliofuata alikuja kununua tena, akasisitiza apangiwe yuleyule.

Lakini kesi iliyonifundisha kazi ilikuwa ya Mama Esperance.

Aliingia asubuhi moja ya baridi, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi za usiku. Alitoka Edmonton, akabadilisha basi mara mbili, kwa sababu mtu alimwambia Wembley kuna wakala unayeweza kusema naye Kiswahili. Ni Mkongo wa Bukavu, mjane, mfupi, na mkoba wake ni mkubwa kuliko mimi. Nikampa shikamoo yangu ya Kitanga. Kwao shikamoo haitumiki, kwa hiyo aliipokea kama mtu aliyepewa sampuli ya bure.

"Jambo, mutoto wangu. Miye natafuta hii." Akachomoa ukurasa alioukata kwenye gazeti. Ilikuwa picha ya Norway: maji meusi yametulia, milima imeyabana huku na huku, meli nyeupe katikati. "Angalia. Ni Kivu, ziwa ya kwetu. Ile ile kabisa. Wameitia tu kwenye friji."

"Mnakwenda wangapi, mama?"

"Moya."

Mama Hansa alikuwa jikoni na birika mkononi. Aliposikia "moya" akalirudisha mezani, akanitazama. Nikavuta pumzi, nikamweleza Mama Esperance nyongeza yote, herufi za chungu na kila kitu, nikisubiri apige kelele kama Bwana Gurdev. Hakupiga. Aliuliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza.

"Nikilipa ile kitanda ya pili, hakuna mutu wanaweza kunileteya?"

"Hakuna. Chumba ni chako."

"Na mulango inafungwa na ndani?"

"Inafungwa."

"Aksanti." Akapumua kwa nguvu mpaka brosha zikatikisika. "Mutoto, nilizaliwa, tulikuwa tunalala batu bane kwa mukeka moya. Nikaolewa. Nikazaa saba. Tukakimbia, tukalala kambini kama samaki kwa kopo. Nikafika hapa, watoto, watoto ya watoto, mugeni hakosi. Kazini usiku wazee wananiita. Nitafikisha myaka makumi sita, na sijalala mu chumba peke yangu ata siku moya. Sitaki zawadi ingine. Nataka mulango."

Ndipo nikaelewa maana ya kuchoka. Mama Hansa akaleta chai, akaweka na chevda, vitafunio vya Kihindi vya pilipili, ambayo haitolewi kwa kila mtu.

Akiba yake ilitosha bei ya nusu chumba na kidogo juu. Nyongeza kamili ilimshinda. Mama Hansa akaniambia, "Hii ni kesi yako," na huo ndio ukawa upandishwaji cheo wangu mkubwa, ingawa haukuandikwa popote.

Sasa sikiliza, Kiran, hapa pana ufundi. Meli ikikaribia kuondoka na vyumba bado havijajaa, mwenye meli anaanza kulegea, na kitu cha kwanza kulegea ni nyongeza. Hailegei Agosti, watoto wakiwa wamefunga shule. Inalegea mwanzoni mwa msimu, Norway bado inatetemeka, na mtu mwenye akili yuko nyumbani na blanketi. Na haiandikwi kwenye brosha. Lazima upige simu, na lazima anayepokea akupende. Kwenye kampuni ile aliyepokea Jumamosi alikuwa dada mmoja aitwaye Linda, ambaye sijawahi kumwona mpaka leo. Kila Jumamosi, kabla sijavua koti, nilimpigia.

"Linda, habari za chumba changu?"

"Bado, mpenzi wangu."

Katika nchi hii kila mtu kwenye simu anakuita mpenzi. Mama yangu alipita dukani siku moja akasikia, akataka kujua huyo Linda ni mtoto wa nani.

Miezi ikapita hivyo. Mama Esperance alikuwa akipita mara kwa mara baada ya zamu, haulizi kitu, anaitazama tu ile picha ya Norway niliyoibandika ukutani juu ya meza yangu, kisha anakwenda zake. Mara moja alibeba brosha akaenda nayo kanisani kwao Tottenham, kuwaonyesha wenzake ziwa la baridi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa upendo, ambao ndio uharibifu mgumu kuliko wote kuutengeneza.

Kanisani kwao yupo Mzee Balthazar, mtu wa miwani, ambaye kusoma kwake hakuachi herufi. Akasoma na zile za chungu. Akaelewa kwamba mama yao atalipia vitanda viwili na kimoja kitakwenda kitupu. Sasa wewe fikiria. Hawa ni watu ambao ukisema unakwenda posta wanakuuliza unakwenda na nani. Mgonjwa hapelekwi hospitali na mtu mmoja, bibi arusi hapandi gari bila wapambe, na mtu akisafiri nyumba nzima inamsindikiza mpaka mlango wa ndege. Wakaona mama wa watu, anayekaribia miaka makumi sita, anatupwa baharini peke yake, na kitanda kimelipiwa! Hawakufikiria hata kidogo kwamba anataka hivyo. Walidhani anaona haya kuomba mtu wa kwenda naye. Wakakaa, wakasali, wakamchagua wa kumsindikiza.

Sisi dukani hatukujua lolote. Tulichojua ni kwamba Jumamosi moja Linda alinipigia yeye mwenyewe, kabla sijampigia.

"Mpenzi, kaa chini. Meli ya mwanzo wa msimu, inaondokea Tilbury. Nyongeza wameikata nusu. Nakushikia mpaka mnafunga leo, kesho sikuahidi."

Nusu hiyo akiba yake iliifikia, kwa hiyo nikampigia Mama Esperance Edmonton. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. "Ninakuya," akasema, simu ikakatika.

Alikuja. Nyuma yake akaingia Mzee Balthazar na suti ya Jumapili. Nyuma ya Mzee akaingia Mama Noela, wifi yake Mama Esperance, dada wa marehemu mume wake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili. Amevaa koti jipya la baridi, lenye manyoya shingoni, lebo bado inaning'inia kwapani. Mkononi ana mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko, pasipoti. Duka letu lina viti viwili vya wateja. Mzee akakaa kimoja, koti likakaa kingine.

Mzee Balthazar akasafisha koo.

"Mama Hansa, na weye mutoto. Sisi kama kanisa tuliomba, na tukaona ile kitanda ya pili haiwezi kufika Norveje bila mutu. Mama Noela atamusindikiza. Ile pesa yenye kubakia, tutachanga."

"Nimeshanunua na koti," akasema Mama Noela. "Ona. Iko na manyoya."

Nikamtazama Mama Esperance. Alikuwa anatazama viatu vyake, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri kudungwa sindano. Jikoni birika likaanza kupiga mluzi. Mama Hansa akalizima, lakini chai hakuleta.

Mnanijua mimi na mdomo wangu. Shuleni nimetolewa darasani kwa ajili ya huu mdomo. Lakini mbele ya wazee watatu, na mmoja amenunua koti, mdomo wangu wote ulikuwa na adabu ya ghafla. Nikafanya kitu pekee kilichokuwa ndani ya cheo changu: nikampigia Linda.

"Haya, mpenzi. Jina la abiria wa kwanza?"

Nikampa, nikalitaja herufi kwa herufi.

"Wa pili?"

Nikaziba simu kwa kiganja. "Mama," nikasema, na nilimwangalia yeye peke yake, "wanauliza jina la abiria wa pili."

Mama Noela akafungua pasipoti kwenye picha. Mzee Balthazar akavaa miwani ili ataje herufi vizuri.

"Andika hakuna," akasema Mama Esperance.

"Wifi?"

"Andika hakuna, mutoto. Hakuna mutu."

Mama Noela alibaki na pasipoti mkononi, picha yake ikitutazama. "Wifi, niliomba ruhusa kazini. Tutakuacha weye peke yako mu maji? Batu batasema nini? Batasema hauna batu."

"Niko na batu mingi, njo maana." Mama Esperance akaweka mkoba wake chini, na hapo nikajua amekusudia, maana mkoba ule hauguswi na sakafu. "Wifi, sikiya. Nililala na weye Bukavu, siku ya ndoa yangu ile nyumba ilijaa. Nililala na weye kambini. Nililala na weye Edmonton myaka mbili, kitanda moya, na miguu yako ya baridi. Mchana ninakupenda. Hakuna mutu ninamupenda mchana kupita weye. Lakini usiku, wifi, nimekuchoka."

Mzee Balthazar akavua miwani akaanza kuifuta, ingawa haikuwa chafu. Mimi niliziba simu kwa mikono yote miwili. Linda wa watu kule anasema, "Halo? Halo?"

Mama Noela akairudisha pasipoti kwenye mfuko. Kisha mabega yakaanza kutikisika chini ya manyoya, na nikadhani, basi, analia, tumekwisha. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka mwenye duka la sari akachungulia.

"Sababu ya miguu yangu!" akasema. "Mwanamuke anakimbia mpaka Norveje sababu ya miguu yangu!"

"Na kukoroma."

"Weye ndiye unakoroma!"

"Sijui. Nitaenda kusikiya."

Wakaanguka wote wawili, wanacheka na kusukumana kama wasichana wa darasa letu. Mzee Balthazar akasubiri, akaona hakuna anayemsikiliza, akanigeukia mimi kwa heshima ya kiofisi. "Basi andika vile amesema."

Nikaachia simu. "Linda, abiria wa pili hayupo."

"Una uhakika, mpenzi?"

"Tumehakikisha sana."

Mama Noela akajifuta machozi, akanyoosha kidole. "Lakini kukusindikiza mpaka kwa meli, ile hautatukataza."

"Ile sitakataza."

Ndipo Mama Hansa akaleta chai, na safari hii chevda ilikuja kwenye bakuli kubwa.

Koti halikurudishwa dukani. Mama Noela alimvalisha wifi yake palepale. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu. "Ata kama siendi, koti itafika," akasema.

Siku ya safari Mama Hansa alifunga duka, jambo ambalo halikutokea hata siku basi lilipogonga mlango wetu, tukaenda Tilbury mimi na yeye. Kwenye foleni ya meli wamejaa wazee wa Kiingereza, mume na mke, mume na mke, wote rangi moja ya koti, wamenyamaza wanasubiri. Mara likaja basi dogo la kanisa, Mama Esperance ndani. Wakashuka akina mama na vitenge vya sare moja, wakashuka na watoto, wakashuka na kinanda cha betri. Wakaanza kuimba. Bibi mmoja wa Kiingereza aliniuliza kama ni burudani ya meli, na kama itaendelea safari nzima. Nikamwambia kwa bahati mbaya hapana. Akasikitika kwa dhati.

Kijana wa usalama alikuja mbio na karatasi yake. "Wanaosafiri ni wangapi hapa?"

Kundi zima likamwonyesha mtu mmoja mfupi ndani ya koti refu.

"Peke yako, mama?"

Nimesikia watu wakitaja vyeo vyao. Nimemsikia mwalimu wetu mkuu akisema yeye ni mwalimu mkuu. Hakuna aliyewahi kusema neno kwa fahari kama Mama Esperance alivyosema, "Peke yangu." Akapanda ngazi na mkoba wake, wala hakugeuka mpaka juu kabisa. Kule chini Mama Noela alikuwa anaimba sauti ya pili na ya kwanza kwa pamoja.

Aliporudi alikuja dukani moja kwa moja, uso umenenepa. Akatuletea Mama Hansa na mimi kofia, zile zile ambazo mtu hazihitaji. Akasimulia: mezani walimkalisha na watu wengine waliokuja peke yao, mjane wa Cardiff, mwalimu wa Hull, wakawa marafiki wa kucheka mpaka sahani zinaondolewa. Aliliona ziwa. Ni Kivu kabisa, ila mvuvi amevaa glavu. Usiku wa kwanza alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, kwa ajili ya kusikia ule mlio.

"Na kitanda cha pili, mama?" nikamuuliza. "Uliweka mkoba?"

Alinishangaa. "Mukoba? Mutoto, nililipa kitanda mbili. Usiku moya nilikuwa nalala hapa, usiku moya kule. Ya kule, iko muzuri zaidi."

Mengine kazini yalikuwa ya kawaida, sitakuchosha nayo. Stepla nimepewa kama zawadi ya kustaafu, kwa hiyo Kiran tafuta yako. Linda atakuita mpenzi, usimwambie mama yangu. Bwana Gurdev akija mpe yuleyule wa Leeds, hata akikataa.

Na Jumamosi iliyopita, siku yangu ya mwisho, nikiwa nimeshaanza kuzima taa za dirishani, mlango ulifunguliwa kidogo. Akaingia Mama Noela. Alikuwa peke yake. Alitazama nyuma, barabarani, kama mtu anayeingia kwa mganga. Alikaa kwenye kile kiti chake, akainama mpaka karibu na sikio langu, na ile sauti ya kuita ng'ambo ya pili ikawa mnong'ono.

"Mutoto. Ile kintu ya mutu moya. Ile ya mulango. Iko bei gani?"

Jikoni Mama Hansa alikuwa ameshainua birika. Nikamwonyesha kwa mkono: subiri kwanza. Akaliweka chini.

Nikavuta brosha, nikaweka kidole kwenye herufi za chungu, nikamwambia.